Nitakuambia Baadaye

Nilipokuwa na miaka 17 nilimdanganya kaka yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Tulikuwa nyumbani Vihiga, mwezi wa Desemba, chini ya mti wa parachichi, wazee wamekalia viti vya plastiki vya kukodisha. Baba alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla. Kikao kilikuwa cha shamba, na kama unaijua Vihiga unajua nazungumzia shamba la aina gani: kipande ambacho ukirusha jiwe kwa nguvu linaangukia kwa jirani.

Baba mdogo akasema, kwa Kilogooli, kwamba sehemu ya kaka yangu isiandikwe jina lake. Iandikwe langu, au yeye baba mdogo aishike mpaka nimalize shule, kwa sababu "huyu hawezi kujisimamia, mtu atamwekea karatasi mbele atie kidole, basi." Kaka akanigusa goti. Akaniuliza kwa zile ishara zetu za nyumbani: wanasema nini? Nikamwambia wanazungumzia mbuzi. Mbuzi wa matanga, nani anamdai nani. Akatabasamu, akawaangalia wazee, akaitikia kwa kichwa. Mzee mmoja akasema, "Mnaona? Hata mwenyewe amekubali."

Sikuwa na njama. Ningependa kusema nilimhurumia, na ni kweli nilimhurumia. Kaka yangu akikasirika, anakasirika kwa mwili mzima, na mama alikuwa amelia wiki nzima. Niliona nikimwambia ukweli kikao kitageuka vita. Lakini pia, tusidanganyane, kuna sehemu fulani ndani yangu ilikuwa imeshaanza kupiga hesabu ya ile robo eka.

Alijua miaka miwili baadaye. Alienda mwenyewe kwa chifu na shida zake nyingine kabisa, na karani akamwandikia kwenye karatasi kwamba jina lake halimo kwenye barua ya warithi. Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo. Hakunipiga. Aliniuliza swali la ishara tatu. Wewe. Upande. Nani.

Nimekaa na swali hilo miaka saba sasa. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili (karo iliisha kabla ya hamu, au hamu kabla ya karo, sikumbuki vizuri), lakini swali halikuniacha. Mtu anayesimama katikati ya watu wawili wasioelewana, anamdai nani ukweli? Na akimficha mmoja jambo kwa wema, huo ni wema au ni wizi?

Kwanza nieleze hizo "ishara za nyumbani", kwa sababu watu wengi hudhani kiziwi akizaliwa huzaliwa na lugha ya ishara, kama vile sisi tungezaliwa na Kiswahili. Kaka yangu alipoteza kusikia akiwa na miaka mitatu, homa ya uti wa mgongo. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye. Mpaka alipopelekwa shule ya bweni ya viziwi akiwa na miaka tisa, alikuwa na ishara kama arobaini ambazo sisi wenyewe tulizibuni: kula, lala, njoo, acha, maji, baba, mbuzi. Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake yote. Kilogooli hakukisikia, Kiswahili hakukisikia, Kiingereza ndio usiseme.

Shuleni alipata lugha, na hakuipata darasani bali kwenye bweni usiku, kwa watoto wenzake. Akarudi likizo ya kwanza mikono inaenda mbio, ana mambo ya kusimulia, na hakuna mtu hata mmoja kwenye boma lile aliyemwelewa. Sisi tulibaki na arobaini zetu. Hebu fikiria: mtu anasoma mpaka Fomu Four, anajua historia, anajua siasa, ana utani mkali kuliko wote nyumbani, halafu kila akirudi anaongeleshwa kama mtoto wa miaka mitatu kwa sababu msamiati wa familia yake uliishia hapo.

Na mimi, kwa sababu nilikuwa mdogo na mikono yangu ilikuwa myepesi, nikawa mkalimani wa familia. Mkalimani wa maneno arobaini.

Kuna sentensi ambayo kila kiziwi niliyekutana naye ameniambia anaijua. Watu wamekaa mezani, mtu anasema kitu, wote wanacheka. Kiziwi anauliza, nini? Anajibiwa: nitakuambia baadaye. Au: si kitu muhimu. Hiyo baadaye haifiki. Au inafika ikiwa imekonda: kisa cha dakika kumi kinakuwa "shangazi ameanguka." Ameangukia wapi? Kwa nini ilichekesha? Basi tu. Mahesabu ya maisha ya kaka yangu nyumbani ni elfu kadhaa za "baadaye" ambazo bado tunamdai.

Sasa, utetezi. Nimeujaribu mara nyingi, kwa hivyo acha niuseme vizuri. Kila anayetafsiri huchuja. Bibi yetu alipougua, daktari alisema kwa Kiingereza, nasi tukamwambia bibi kwa Kilogooli, na katikati hapo neno "saratani" likapotea njiani likawa "kidonda cha ndani". Hakuna aliyetuita wezi. Tuliitwa watoto wenye adabu. Kwa nini basi mbuzi wangu awe dhambi na kidonda cha bibi kiwe heshima?

Jibu la kwanza nililojipa ni kwamba bibi angeweza kumuuliza mtu mwingine. Anasikia. Angeweza kuamka usiku akasikia shangazi akinong'ona jikoni, angeweza kumnasa muuguzi anayejua lugha yake. Ukimdanganya mtu mwenye madirisha kumi, umefunga moja. Kaka yangu kwenye kile kikao alikuwa na dirisha moja, na dirisha lilikuwa mimi. Uongo wangu haukuwa taarifa moja mbaya kati ya nyingi. Ulikuwa ndio dunia yote kwa saa ile.

Lakini kuna jibu la pili ambalo lilinichukua muda zaidi. Mimi sikumwibia kaka alichopaswa kusikia peke yake. Nilimwibia pia alichopaswa kusema. Kile kichwa alichoitikia kilikuwa cha mbuzi, lakini wazee walikipokea kama cha shamba. Niliwapa wazee kibali ambacho hakikuwepo, nikakitengeneza kwa uso wa mtu mwingine. Ndiyo maana swali lake halikuwa "mbona ulinidanganya?" Aliuliza upande. Alijua kwamba mtu hawezi kusimama katikati kama ukuta, lazima kuna upande anaegemea.

Na nikishafika hapo, naona kwamba hata kwa bibi hatukuwa safi kama tulivyodhani. Alikufa bila kugawa vitu vyake kwa mkono wake, kwa sababu hakuna mtu anayegawa vitu kwa ajili ya kidonda. Sijui nilifanyeje hili jambo. Naliacha hapo.

Baada ya kuacha chuo nilibaki Nairobi, nikiandika hiki na kile kwa malipo yanayokuja mwisho wa mwezi kama hayajasahau. Kaka naye alikuwa ameshakuja huku, ananyoa watu Eastlands. Tulikuwa hatuongei sana. Siku moja akaniambia nimfuate Jumamosi kwenye kikundi chao. Nadhani alitaka nione kitu, au alitaka tu mtu wa kumbebea kreti ya soda.

Ukumbi ulikuwa wa kukodi, nyuma ya kanisa. Nilitarajia ukimya. Wacha nikuambie, hakuna kelele kama ya viziwi sitini kwenye chumba kimoja: viti vinaburutwa, miguu inapigwa sakafuni ili mtu aliye mbali ahisi mtetemo ageuke, vicheko vinatoka tumboni bila aibu kwa sababu hakuna anayevipima. Taa zinazimwa na kuwashwa kikao kikianza. Makofi ni mikono juu, vidole vinachezacheza. Na nje, kikao kikishaisha, hakuna anayeenda nyumbani. Wanasimama chini ya taa ya barabarani mpaka saa nne usiku, kwa sababu gizani mazungumzo yanakufa.

Ni chama kama chama chochote. Wanachanga mia tano tano, wanazungusha, kuna mweka hazina ambaye hakuna anayemwamini asilimia mia. Ila kumbukumbu za kikao haziandikwi, zinarekodiwa video kwenye simu, katibu anasimama ukutani anatoa muhtasari kwa ishara. Niliuliza kwa nini wasiandike, swali la kipumbavu kabisa, na lile lile tunalouliza kila mahali: si aandike tu? Lugha ya Ishara ya Kenya, KSL kama kila mtu anavyoiita, ina sarufi yake. Si Kiswahili kilichohamia kwenye vidole, wala si Kiingereza. Kumwambia kiziwi "andika" mara nyingi ni kumwambia azungumze lugha ya tatu ambayo hajawahi kuisikia hata mara moja, halafu kumhukumu kwa makosa ya tahajia.

Mama mmoja pale alisimulia jinsi alivyojifungua. Hospitalini walimwandikia kwa Kiingereza, akaja wifi yake kumsaidia. Wifi akamwonyesha ishara ya "sawa", akatia sahihi. Alijua kwamba anapasuliwa alipoiona taa kubwa ya chumba cha upasuaji juu yake. Mtoto yuko salama, alikuwa pale pale anakula ndizi. Mama alisimulia bila hasira, kama mtu anavyosimulia foleni ya mathree. Mimi ndiye nilishindwa kuangalia. Wifi yake nilimjua vizuri mno.

Nilikuwa sifuati mambo mengi. Mikono yao inaenda kasi na mimi nilikuwa na arobaini zangu za kijijini. Kisha mtu akasema kitu, chumba kizima kikaanguka kwa kicheko, nikamgusa kaka goti: nini? Akanitazama. Akaniambia, taratibu, ili nielewe vizuri: nitakuambia baadaye.

Hajaniambia mpaka leo.

Sheria tunazo, tena nzuri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Yaani mbunge akimtukana mwenzake, kiziwi ana haki ya kulipata tusi hilo likiwa motomoto. Lakini kwa chifu, kwenye kaunta ya polisi, kwenye dirisha la dawa, kule ambako maisha yake mwenyewe yanaamuliwa, anaambiwa aje na ndugu. Ukifikiri vizuri, "njoo na ndugu" ndiyo huduma kubwa zaidi ya ukalimani nchini Kenya. Haina bajeti, haina mafunzo, haina kiapo. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 wenye matatizo ya kusikia, wa miaka mitano kwenda juu. Hao ni ndugu wangapi wanaosema mbuzi?

Na hili halikuanza na sisi. Mwaka 1880, mjini Milan, walimu zaidi ya 160 walikutana wakapiga kura kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa mdomo, ishara ziondolewe darasani. Kati ya wajumbe wale wote kiziwi alikuwa mmoja. Ilichukua mpaka 2010, kwenye mkutano wa Vancouver, kwa kongamano lile lile kukiri kwamba lilikosea. Katikati ya miaka hiyo 130 ndipo shule za kwanza za viziwi zilipofunguliwa Kenya, kuelekea uhuru, na ule moshi wa Milan ukaja nazo: soma midomo, toa sauti, mikono chini. Zimebadilika. Watu kama Profesa Michael Ndurumo, kiziwi mwenyewe, walipigania ishara ziingie shuleni; Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza utafiti wa KSL mwaka 1991; leo mtahiniwa kiziwi hufanya mtihani wa KSL badala ya Kiswahili. Lakini wazo la msingi, kwamba wanaosikia ndio wanaojua kinachowafaa wasiosikia, hilo halikubaki Milan. Lilikaa chini ya mti wetu wa parachichi, kwenye kiti cha plastiki.

Kuna jamaa aliniambia shida iko kwenye lugha yetu yenyewe: kiziwi, kipofu, kiwete, wote wamewekwa kwenye ngeli ya ki-vi, pamoja na viti na vikombe. Hoja tamu, na nilishawahi kuitumia nikitaka kuonekana nimesoma. Lakini wenyewe kule Tanzania walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, bila kuomba radhi. Kaka yangu neno kiziwi halimsumbui. Linalomsumbua ni bubu, kwa sababu ni uongo. Ana mengi ya kusema, shida ni sisi.

Basi wajibu ni wa nani? Kuna anayesema: serikali iajiri wakalimani, tumalize. Nakubali, tena leo. Mkalimani aliyesomea kazi anabeba kila kitu kilichosemwa chumbani, pamoja na kikohozi cha dharau na tusi, na habebi kisichosemwa. Hapo ndipo tofauti yake na mimi ilipo. Ila mkalimani hawezi kuja chakula cha jioni. Hawezi kukaa kwenye kochi ili kicheko cha saa mbili kisipotee. Huko ni sisi.

Mtu atasema huwezi kumtaka kila Mkenya ajifunze lugha nyingine. Sawa. Lakini huku Nairobi nani ana lugha moja? Tunazungumza ya mama, ya shule, ya kanisa, ya mtaa inayobadilika kila wiki, na najua madem watatu wanaojua Kikorea cha kutosha kukosoa tafsiri za filamu. Kule Adamorobe, kijiji cha Ghana ambako uziwi umerithiwa vizazi kwa vizazi, wanakijiji wengi wanaosikia wanaijua lugha ya ishara ya kwao, kwa sababu utanunuaje nyanya bila kuijua? Usiniambie ni peponi. Huko huko chifu aliwahi kupiga marufuku viziwi kuoana wao kwa wao, ili wapungue. Unaweza kuijua lugha ya mtu vizuri kabisa na bado ukaamua kwa niaba yake. Hilo linanisumbua, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nikijifunza KSL nitakuwa nimelipa deni.

Nimejifunza, hata hivyo. Miaka minne sasa, vibaya, kwa lafudhi ambayo wanaicheka. Wamenipa jina la ishara, maana huwezi kujipa mwenyewe: ni kuvuta sikio, kwa sababu ndivyo ninavyofanya nikifikiri. Wanaliona ni kichekesho kikubwa sana.

Aprili mwaka huu kaka aliitisha kikao kipya cha shamba. Nikamwambia nitamtafsiria, safari hii kila neno. Akaniambia hapana, asante. Alichukua pesa za zamu yake ya chama akamlipa mkalimani, dada mmoja mpole kutoka Kakamega, akaja na kitambulisho shingoni. Mimi niliwekewa kiti pembeni, karibu na watoto.

Baba mdogo hakupenda. "Kwani ndugu yake amekatika mikono?" Dada akaitoa hiyo sentensi kwa ishara, nzima, pamoja na uso wa baba mdogo. Kaka alicheka mpaka akashika kiti. Kisha akaanza kusema, na sauti yake ikatoka kwa yule dada, na wazee hawakujua wamtazame nani. Mmoja akaanza, "Mwambie huyu kijana..." na dada akatoa hata hilo "mwambie". Kaka akajibu: mzee, niambie mwenyewe, niko hapa. Alisema anataka jina lake kwenye hati miliki. Alisema hajawahi kukubali kitu chochote chini ya mti huu. Hakunitaja. Nilisubiri anitaje.

Hawakumaliza. Wamesema Desemba, chifu awepo. Kabla ya kufunga, mzee mmoja akakumbusha deni la matanga ya baba, ambalo kumbe lilikuwepo kweli miaka yote hii. Dada akatoa ishara ya KSL. Kaka akanigeukia kule nilikokaa na watoto, akaiweka ile ya kwetu ya zamani, vidole viwili chini ya kidevu kama ndevu, akainua nyusi.

Nikamwitikia kwa kichwa. Safari hii walikuwa wanazungumzia mbuzi kweli.